Siku Niliyomnyamazia Mize

Wanakuja watu na kamera zao, wanakaa barazani kwangu, wananiambia, "Bi Siti, tuelezee Mize alivyokuwa mdogo. Alikuwa anapenda miti, siyo?" Jibu wameshaliandika kabla hawajavuka bahari. Mie huwaambia, miti gani? Mize mdogo alikuwa anaogopa tope. Ukimkanyagisha tope la pwani analia mpaka anatapika. Basi huzima kamera, wakanywa chai. Lakini kweli ndiyo hiyo, na siwezi kumpamba mtoto kwa uongo wakati kweli yake inamtosha.

Mize ni mwana wa kaka yangu Jaribu. Mamake alimzaa mwaka tisini na sita, akafariki arubaini haijatimia. Jaribu nyumba ile ilimshinda kukaa. Akaenda dago, kuvua kambini huko pwani ya Tanga, akawa harudi ila Sikukuu. Mtoto nikamchukua mie. Nilikuwa nishaachwa, sina mwana, na mdomo wangu unajulikana Pemba kusini yote, toka kwetu mpaka Chokocho. Watu wakasema, "Siti na mdomo ule amlee nani?" Haya, nimemlea, na leo wao ndio wanaokuja kuomba namba yake ya simu.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa chokaa. Unapanga magogo ya mikandaa, ile mikoko ya pwani, juu yake unapanga mawe ya pwani, unatia moto, siku mbili tanuu linawaka. Mawe yakishaiva unayamwagia maji, yanachemka yenyewe na kuwa unga mweupe wa kujengea. Mkandaa ndio wenye moto wa kazi hiyo, na ulikuwa unaota mbele yetu, kwenye tope la mkono wa bahari, hauna mwenyewe. Nimekata miaka ishirini. Mjini Mkoani kuna nyumba zimesimama kwa chokaa yangu, na nikipita nilikuwa nazitazama kwa kiburi changu chote.

Nyuma ya ile mikandaa kuna tuta la udongo walilolijenga wazee wetu, na nyuma ya tuta ndiyo bonde la Kwa Mmanga, la mpunga. Kila mwanamke wa kijiji ana majaluba yake humo, vipande vyake vya kulima. Mie nna manne, ya chini kabisa, yanayogusana na tuta. Bonde lile ndilo tunalolila. Mwanamme akirudi na samaki au asirudi, wali upo.

Basi mwaka elfu mbili na kumi na mbili ikaja bamvua kubwa. Bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa kupita kiasi na yakitoka yanakwenda mbali. Maji yakapanda juu ya tuta, yakalivunja, yakaingia kwenye mpunga uliokwishabeba mimba. Wiki moja tu, ncha zote nyeupe. Nilitia kidole kwenye maji ya jaluba langu nikakilamba. Chumvi tupu. Wallahi nilikaa chini nikalia kama nimefiwa.

Tukasoma dua, tukapika sadaka, tukalijenga tuta. Mwaka wa pili likavunjika pale pale. Mize alikuwa kidato cha tatu, miaka kumi na saba. Alilizunguka tuta lote kwa miguu, na tope lile lile analoliogopa, akarudi na magoti meusi. Akaniambia, "Shangazi, tuta limevunjika mahala pamoja tu. Pale ambapo hakuna mikandaa mbele yake."

"Ndiyo nini?"

"Mkabala na tanuu letu, shangazi."

Nikamtia kofi. Ndiyo, nilimpiga, msinitumbulie macho. Mtoto nimemlisha kwa tanuu lile, nimemnunulia sare kwa tanuu lile, anakuja kuniambia kuwa mie ndiye niliyeleta bahari ndani ya bonde! Hakulia. Akanitazama, akaenda kuosha miguu. Toka siku ile hakunyamaza tena.

Alianza na wenziwe wawili. Fahmi, kijana wa fundi baiskeli, na Samiha, binti wa jirani yetu. Na hapa lazima nikwambieni jambo, maana asiyekaa Pemba miaka hiyo hatolifahamu. Tulikuwa tumegawika kwa vyama mpaka ndani ya vyungu. Wa chama hiki haendi maziko ya wa chama kile, duka la huyu haliuzi kwa yule. Ukoo wa Fahmi ulikuwa upande mmoja, ukoo wa Samiha upande wa pili. Mize kila akienda nyumba ya mtu huwachukua wote wawili, yeye akaenda katikati, ili mtu asije akasema katumwa. Mtoto yule ana akili, mie nakwambieni! Nyumba kwa nyumba, jioni kwa jioni, anaeleza joto la dunia, bahari inavyopanda, mikandaa inavyolivunja wimbi kabla halijafika tutani. Wengine walimsikiliza. Wengine walimfukuzia mbwa, na sisi huku mbwa wenyewe tunao wangapi?

Mzee Kificho ndiye aliyekuwa mkubwa wa wapinzani wake. Yeye alikuwa akikata mikandaa ya boriti, akiisafirisha Unguja. "Bahari ni ya Mungu," anasema, "na mtoto wa kike hana la kumwambia Mungu." Na mie, Mungu anisamehe, nilikuwa namwitikia, "Kweli, mzee."

Mwaka elfu mbili na kumi na nne wakaja watu wa mradi mmoja kutoka mjini. Walisikia habari za Mize, wakampa miche ya mikandaa elfu mbili na mia nane, na karatasi ya kuonyesha namna ya kupanda. Na fulana. Fulana sitini, mpya, nzuri, na picha ya jani kifuani. Zote za kijani.

Loo! Mtu wa mradi haoni kitu; kwake kijani ni miti. Kwetu siye kijani ni rangi ya chama kimoja, na uchaguzi ulikuwa umebakisha mwaka mmoja. Asubuhi ile wanafunzi sitini wametoka skuli wamepanga mstari, kijani mwanzo hadi mwisho, wanaimba, wanateremka pwani. Milango ikafungwa paa, paa, paa! Waliokuwa watoke kusaidia wakarudi ndani. Nnasikia mtu anapiga kelele dirishani, "Bi Siti, hongera! Mwanao kashapewa kadi?" Wiki nzima duka la karibu halikuniuzia sukari. Na wenye rangi ile nao wakafurahi wakidhani wamepata vijana, walipojua sivyo wakakasirika zaidi.

Kwa hiyo hakuna mtu mzima hata mmoja wa kijiji aliyekwenda pwani na watoto wale. Hakuna ila mie. Nami sikwenda kusaidia. Nilikuwa nachimba chaza, na ndoo yangu, kama siku zote maji yakitoka.

Ilikuwa bamvua. Maji yametoka mpaka mbali, tope liko wazi, laini, linang'aa. Watoto wakaenda hadi kule mwisho, ukingoni kabisa, kwa kuwa kule ndiko kunakochimbika kwa urahisi, na mtu wa mradi kule ndiko alikotaka kupiga picha, bahari iko nyuma. Wakapanda safu nzuri kama mstari wa sala. Mize katikati yao, tope mpaka mapajani, anacheka.

Na mie nikajua. Nilijua palepale, hawajamaliza hata safu ya kwanza. Miaka arubaini natembea tope lile. Kule mwisho maji hutoka siku za bamvua tu. Yakija maji mafu, ile wiki ya katikati ambayo bahari haijai sana wala haitoki sana, kule hakukauki usiku wala mchana. Na mkandaa ni kama mtu: mkogeshe, mwache akauke. Ukimtia kisimani na kifuniko juu, atakufa.

Nilikuwa mbali nao kiasi cha kutupa jiwe. Neno moja tu lingetosha. "Mize, rudini ndani, pandeni chini ya tuta." Lakini nilikuwa na lile donge. Tanuu langu kalitia hatiani. Asubuhi ile ile nimezomewa kwa ajili yake. Nikasema moyoni, acha ishindwe, atatulia, atarudi kuwa mwanangu. Nikainamia chaza wangu. Nikanyamaza.

Baada ya miezi miwili hakukuwa na mche uliosimama. Yote imeoza, imeelea, mingine ikaja kutupwa na maji mbele ya tanuu langu. Mize akaiokota, mmoja mmoja, akaipanga barazani, akaihesabu. Hakula siku mbili. Nikampikia mkate wa kumimina, anaoupenda, akaniambia, "Ahsante shangazi, nimeshiba." Kijiji kizima kinacheka. Kificho anasimulia msikitini, anasimulia sokoni, "Chama cha mizizi iliyooza!" Nami niliyetaka ashindwe, sikuwa na raha hata ya kupumua.

Mnadhani aliacha? Alizichukua zile fulana, akaja tanuuni kwangu kuniomba maganda ya mikandaa niliyokwishaikata. Akayachemsha kwenye sufuria langu kubwa, akazitia fulana zote humo. Zikatoka rangi haina jina, si kijani, si nyekundu, rangi ya tope. "Hakuna chama cha rangi hii, shangazi," akasema. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, halafu nikaingia ndani nikalia.

Mwanzo wa mwaka wa pili akamwomba sheha, mkubwa wa kijiji, aitishe mkutano. Alitaka kijiji kifunge ule mkono wa bahari, asikate mtu mkandaa miaka mitano, na wapande tena. Bamvua kubwa ya mwezi wa tatu ilikuwa inakuja. Kama tuta likivunjika mara ya tatu, wazee walikwishasema, bonde linaachwa, kila mtu akatafute mchele wa duka. Kwa hiyo watu walijaa banda la skuli, vyama vyote, huyu kakaa kulia, yule kushoto.

Mzee Kificho akasimama wa mwanzo. Mzuri wa maneno, sikatai. "Jamani, huyu binti kapewa miche elfu mbili na mia nane. Imekufa yote. Leo anataka tumpe mkono mzima wa bahari. Ukimpa mtu mbuzi akamfisha, utampa ng'ombe?" Watu wakacheka, kulia na kushoto. Siku nyingi sijawaona wakicheka pamoja.

Sheha akasema, "Mize, unasemaje?"

Akasimama na fulana yake ya tope. "Mzee Kificho kasema kweli. Miche ile nimeiua mie. Si mradi, si wanafunzi wenzangu. Nilifuata karatasi, sikuwauliza watu wanaolijua tope. Naomba radhi kwa kijiji."

Kificho hakumwachia. "Sasa nani alikwambia upande kule? Sema!"

"Hakuna aliyeniambia, mzee. Kosa langu peke yangu."

Nnaapa, kama angelinitaja ningelimrukia. Kama angelilia ningelivumilia. Lakini kule kusimama peke yake na mzigo ambao nusu yake ni wangu! Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, na mie nilikuwa nishavunda miezi saba. Nikajikuta nimesimama.

"Kaa chini, Kificho!" nikasema. "Kaa chini nakwambia, mwanangu hataulizwa tena na mtu." Halafu nikageuka nikawatazama watu wote. "Niliona. Siku ile nilikuwepo. Niliwaona wanapanda pahala pa kufa, na nilijua ni pa kufa, na nikanyamaza kwa makusudi. Sikutaka wafanikiwe. Na tuta pia ni mie. Miaka ishirini nimekata mbele yake. Mtoto aliniambia, nikampiga kofi. Haya, mshanisikia."

Nilingoja matusi. Nilingoja zaidi uso wa Mize. Niliona utakunjika, utanichukia, na haki yake.

Mize akanitazama. Macho yamemjaa maji lakini sauti iko sawa. Akasema, "Basi shangazi, pa kuishi ni wapi?"

Hilo tu. Hakuniuliza kwa nini.

Nikawaambia. Nikawachorea kwa kidole ubaoni, mie niliyeishia darasa la nne. Pale maji yanapofika siku za bamvua tu halafu yanakuacha. Chini ya tuta, kwenye visiki vyangu mwenyewe. Wanawake wachimba chaza wakaanza kudakia, huyu anasema pale pana mkondo, yule anasema hapana, mbele kidogo. Mkutano mzima ukageuka wetu sisi wanawake wa tope. Kificho anatafuta pa kuingilia, hapati.

Sheha hakuthubutu kusema watu wanyooshe mikono, maana kwetu mkono ukinyooshwa kila mtu anahesabu wa chama gani. Akasema, "Anayeridhia tuufunge mkono wa bahari, tusome Fatiha." Basi viganja vikafunguka, kulia na kushoto. Nilichungulia kwa jicho moja. Kificho naye alifungua viganja vyake, kachelewa kidogo, lakini alifungua.

Tulipanda kabla ya bamvua ile, watu wazima na watoto, kila mmoja na nguo aliyoitaka. Tuta tukalijenga kwa kikoa, leo nyumba hizi, kesho nyumba zile, aliyeleta muhogo kaleta, aliyeleta papa kaleta. Likavuja, halikuvunjika. Na tanuu langu nikalizima mwenyewe. Sitawadanganya, mwaka wa kwanza tulipata tabu, na nilimlaumu Mize kila asubuhi kabla ya chai. Siku hizi nna mizinga ya nyuki kumi na mbili mikandaani. Nyuki wananiuma, nami nawatukana, tunaishi. Kificho anauza boriti za mivinje aliyoipanda juu kwenye mchanga, na ukimsikiliza utadhani shauri lilikuwa lake.

Mize akaendelea. Alikwenda vijiji vya kusini vyote, kisha Wete, kisha Micheweni. Kila kijiji aendacho, kabla hajafungua mdomo wake, anauliza, "Nani hapa anachimba chaza?" Anamkalisha bibi huyo mbele, pahala pa wakubwa. Redio wakamtaka. Wakubwa wakamtaka. Chama kimoja kikamtaka agombee, na cha pili nacho, akawapa wote fulana za tope.

Mwaka elfu mbili na kumi na tisa majaluba yangu manne ya chini, ambayo watu waliniambia ardhi yake imekufa, yalitoa mpunga. Si mwingi. Nilipika mchele mpya ule kwa nazi, nikamwita Mize, nikamtilia sahani wa kwanza, kabla ya mkubwa yeyote. Akala tonge moja. Nikamwuliza, "Una chumvi?" Akatikisa kichwa. Akaendelea kula huku machozi yanamtoka, na mie nikampepea nzi kama mtoto mdogo.

Miaka mitatu baadaye akaalikwa ng'ambo, kwenye mkutano wa mataifa kuhusu hali ya hewa. Siku aliyosema nilikuwa Mkoani, nimepeleka asali. Fahmi alikuwa ameifungua simu yake juu ya kaunta ya duka, wachukuzi wa bandarini na abiria wamejazana, wamenizunguka. Ukumbi mkubwa, watu wa suti, na mwanangu mbele yao na mtandio wake. Akazungumza Kiswahili, Kipemba chetu hiki hiki, wao wamevaa vitu masikioni.

Aliwaeleza bonde, tuta, bahari. Nikawa nnavimba kwa fahari. Kisha akasema:

"Shangazi yangu Siti alichoma mikandaa miaka ishirini. Aliiona bahari inaingia kwenye mpunga, na siku moja aliona sisi tunakosea, akanyamaza. Hana shahada, hana cheo. Lakini alisimama mbele ya kijiji kizima, na mahasimu wake wapo, akasema: ni mie. Baada ya hapo tuliweza kufanya kazi. Nyinyi mmechoma zaidi ya shangazi yangu. Mmejua zaidi ya shangazi yangu. Nimekuja kutoka mbali kuwauliza, mtasimama lini?"

Pale dukani vichwa vyote vikanigeukia mie.

Damu ilinipanda usoni. Mtoto kanianika dunia nzima, wazungu na waarabu wote wanajua kuwa Siti wa Pemba alinyamaza! Nikatafuta la kusema, na mdomo wangu mnaujua, haukosi. Siku ile ulikosa. Bibi mmoja wa Wete, simjui, akaniuliza taratibu, "Ndiye weye, dada?"

"Ndiye mie," nikamwambia. "Na yule ni mwanangu."